Mapitio: Kusakinisha Debian kwenye kompyuta kuu ya IBM, kuanzia IPL hadi SSH

Debian GNU/Linux ni miongoni mwa mifumo endeshi huria michache ambayo mtu anaweza kuipakua bila kulipa hata senti moja, bila kusaini mkataba wala kuomba namba ya leseni, kisha akaisakinisha kwenye kompyuta kuu ya IBM. Ninazungumzia ukoo wa mashine ulioanzia System/360 na kupitia S/390 na zSeries hadi IBM Z ya leo, mashine ambazo benki kubwa na taasisi nyingi za serikali duniani huzikabidhi kazi zisizotakiwa kusimama hata kidogo. Toleo ninalolipitia ni la usanifu unaoitwa s390x, na nimelisakinisha kwa njia mbili: ndani ya mashine pepe chini ya z/VM, mfumo wa IBM unaoigawa kompyuta kuu moja kuwa mashine pepe nyingi, na ndani ya Hercules, ambayo ni programu inayoiga kompyuta kuu kwenye kompyuta ya kawaida. Naitanguliza hukumu yangu kwa ajili ya msomaji mwenye haraka: mfumo wenyewe ni imara na unastahili kuaminiwa, lakini njia ya kuufikia ni ngumu, na ugumu huo hautokani sana na kasoro za programu, bali na maarifa ambayo programu inachukulia kwamba msakinishaji anayo tayari.

System/360 ilitangazwa tarehe 7 Aprili 1964, na vizazi vilivyofuata vikalinda uwezo wa kuendesha programu za vizazi vilivyotangulia. Ndiyo maana mashine ya leo bado inaendeshwa kwa dhana za kadi za kutobolewa, silinda na chaneli. Linux iliingia humo baadaye sana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Linas Vepstas na wenzake walianzisha kazi ya kujitolea iliyoitwa Bigfoot, na Desemba 1999 IBM ikatoa hadharani viraka vya kerneli, yaani kiini cha Linux, vilivyotengenezwa na wahandisi wake wa maabara ya Böblingen, Ujerumani, ambavyo ndivyo vilivyoendelezwa hadi leo. SUSE ilitoa toleo la kibiashara mwaka 2000. Debian iliupokea rasmi usanifu wa s390 katika toleo la 3.0 mwezi Julai 2002, ikauongeza s390x wa biti 64 katika toleo la 7 mwezi Mei 2013, na kuanzia toleo la 8 ikauacha ule wa zamani. Tarehe hizi zina uzito kwa msakinishaji, kwa sababu miongozo mingi inayozunguka mtandaoni iliandikwa enzi za s390, na anayeifuata neno kwa neno leo anakutana na majina ya mafaili na amri ambazo hazipo tena. Mwongozo rasmi wa Debian wa s390x ndio wa kuutegemea, hata kama ni mfupi mno mahali ambapo msomaji anauhitaji zaidi.

Aliyezoea kompyuta za kawaida hujua kuchomeka flashi, kubonyeza kitufe kimoja na kuchagua lugha. Kwenye kompyuta kuu hakuna flashi ya kuchomeka, na mara nyingi msakinishaji hajawahi hata kuiona mashine anayoifanyia kazi. Kuianzisha mashine pepe huitwa IPL, na anayetoa amri hiyo sharti ataje namba ya kifaa ambacho mfumo utasomwa kutoka kwake. Chini ya z/VM kifaa hicho kwa kawaida ni 00C, yaani kisoma kadi. Kadi za karatasi zenyewe zimetoweka zamani, lakini kanuni zake zimebaki, na faili lolote linaloingia kwenye kisoma kadi ni lazima liwe na rekodi za herufi 80 kila moja, bila kupungua wala kuzidi.

Hapa ndipo wengi hukwama kabla hata ya kuona swali la kwanza. Debian hutoa mafaili matatu, yaani kerneli, faili la vigezo, na initrd (mfumo mdogo wa muda unaopakiwa kwenye kumbukumbu wakati wa kuanza), pamoja na hati fupi iitwayo debian.exec inayoyapeleka kwenye kisoma kadi kwa mpangilio unaotakiwa. Mafaili hayo huhamishwa kwenda z/VM kwa FTP, na ni sharti kerneli na initrd zihamishwe kwa hali ya baiti tupu, zikiwa na agizo la rekodi za urefu wa 80. Sababu yake ni kwamba z/VM hutumia EBCDIC, mpangilio wa herufi ambamo A kubwa ni 193, ilhali katika ASCII herufi hiyo hiyo ni 65. FTP ikiachwa katika hali ya maandishi, hubadilisha kila baiti kwa nia njema ya kutafsiri maandishi, na kinachofika upande wa pili huwa si kerneli tena. Mashine haitasema kwamba faili limeharibika. Itaandika mstari mmoja tu, HCPGIR450W, ukifuatwa na maneno yanayoeleza kwamba kichakataji kimeingia katika hali ya kusubiri isiyo na njia ya kutoka, kisha kimya. Mtu asiyejua maana ya mstari huo anaweza kumaliza siku nzima akichunguza diski na mtandao, mambo ambayo wakati huo hayajaguswa kabisa.

Tatizo la namna hiyo hiyo humpata anayeacha hati ya Debian na kuandika amri mwenyewe. Amri ya PUNCH ya CMS, mazingira ya kuandikia amri ndani ya z/VM, isipoongezewa neno NOH, hutanguliza kadi ya utambulisho mbele ya faili. Kadi hiyo moja inatosha kuizuia kerneli isipakiwe, kwa kuwa mashine huisoma kama maagizo ya programu. Vilevile, mafaili ya zamani yaliyosahaulika ndani ya kisoma kadi husomwa kwanza, kwa hiyo ni vyema kukisafisha kwa PURGE RDR ALL baada ya kuhakikisha kwamba hakuna kitu cha thamani ndani yake. Ushauri wangu ni kuitumia debian.exec kama ilivyo, na kuisoma mstari kwa mstari kabla ya kuiendesha, kwa sababu mistari yake michache inafundisha mengi kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Kerneli ikishaanza kuzungumza, terminali ya 3270, yaani skrini na kibodi ya kuzungumza na kompyuta kuu, inakuwa mtihani wa pili. Terminali hii haitumi herufi moja moja. Humwacha mtu aandike mstari mzima, kisha huutuma anapobonyeza Enter. Vitufe vya mishale havimsaidii kuchagua kitu kwenye menyu, na programu ya kusakinisha ya Debian inalitambua hilo, kwa hiyo huorodhesha majibu kwa namba ili mtu aandike namba anayoitaka. Mpango huo ni mzuri na unafanya kazi. Kinachovuruga ni mistari mingi ya kerneli inayoijaza skrini mara moja, kisha pembeni chini kulia likatokea neno MORE. Skrini hiyo hukaa hivyo kwa sekunde 60 kwa mpangilio wa kawaida kabla ya kuendelea yenyewe, na mtu akibonyeza Enter kwa kukosa subira, neno hugeuka kuwa HOLDING, na hapo skrini haisogei tena mpaka abonyeze Clear. Kitufe cha Clear hakipo kwenye kibodi za kawaida. Inabidi kukitafuta kwenye orodha ya vitufe vya programu ya terminali anayoitumia. Nimewaona watu wenye uzoefu mkubwa wa Linux wakiamini kwamba usakinishaji umeganda, kumbe ulikuwa unangoja skrini ifutwe. Kuandika TERM MORE 0 0 na SET RUN ON kabla ya IPL kunaondoa sehemu kubwa ya kero hii. Na mtu akitaka kupumzika, atumie DISC badala ya LOGOFF, kwani LOGOFF huiua mashine pepe pamoja na kila kilichokuwa kinaendelea ndani yake.

Maswali ya kwanza ya programu ya kusakinisha yanahusu mtandao, nayo ndiyo moyo wa mapitio haya. Kwenye kompyuta ya kawaida mtu huchomeka waya, DHCP ikampa anwani, basi. Kadi ya mtandao ya kompyuta kuu, iitwayo OSA, huonekana kwa mfumo kama chaneli ndogo tatu: moja ya kusoma, moja ya kuandika na moja ya data, zenye namba zinazofuatana kama 0.0.0600, 0.0.0601 na 0.0.0602. Programu huuliza kwanza aina ya kiendeshi, ambayo kwa OSA na kwa HiperSockets (mtandao wa ndani ya mashine yenyewe) ni qeth, kisha namba hizo, kisha huuliza iwapo kadi itumike katika tabaka la 2 (la fremu za Ethernet) au la 3 (la pakiti za IP). Swali hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo hatari kuliko yote. Swichi pepe ya z/VM iliyoundwa kwa aina ya ETHERNET inahitaji tabaka la 2, na iliyoundwa kwa aina ya IP inahitaji tabaka la 3. Jibu lisilolingana na swichi halileti ujumbe wa kosa. Anwani hukubaliwa, kiolesura huonekana kimewaka, lakini pakiti hazifiki popote. Programu ya kusakinisha haina namna ya kujua mapema aina ya swichi, hilo nalikubali. Hata hivyo sentensi mbili za maelezo kwenye skrini hiyo hiyo, zikimwambia mtu amuulize msimamizi wa z/VM aina ya swichi kabla ya kujibu, zingewaokoa wengi.

Kwa hiyo kazi halisi ya usakinishaji huanza kabla ya kugusa mashine, kwa barua kwa msimamizi. Mtu anahitaji kujua namba za chaneli tatu, aina ya swichi, anwani ya IP, barakoa ya mtandao, lango, seva ya DNS, na namba za diski alizopewa. Mwongozo wa Debian unasema habari hizi zikusanywe mapema, na katika jambo hili ninaungana nao kabisa. Msimamizi wa kompyuta kuu na mtumiaji wa Linux mara nyingi ni watu wa idara mbili zisizozoeana, wenye misamiati tofauti, na barua yenye maswali mahususi hupata majibu, ilhali ombi la jumla la kupewa mtandao hurudi na maswali mengine.

Mtandao ukikubali, mambo hubadilika ghafla. Programu humtaka msakinishaji aweke nywila ya muda, humwonyesha alama ya utambulisho ya ufunguo wa seva, na kumwambia aingie kwa SSH kwa jina la installer kutoka kwenye kompyuta yake mwenyewe. Kuanzia hapo menyu ni zile zile za Debian anazozijua, zikiwa na mishale na rangi, na terminali ya 3270 inaweza kuachwa. Napongeza sana uamuzi huu wa wasanifu wa Debian. Badala ya kuilazimisha terminali ya kale ifanye kazi isiyoiweza, wameitumia kwa maswali machache yasiyoepukika, kisha wakamhamishia mtu mahali panapomfaa.

Diski nazo zina mambo yake. Diski za ukoo huu huitwa DASD, na ya mfano wa 3390-3 ina silinda 3,339, kila silinda ikiwa na njia 15 na kila njia ikibeba baiti 56,664, jumla yake zaidi kidogo ya GB 2.8. Linux hutaka diski hiyo ipangwe upya kwa dasdfmt katika vipande vya baiti 4,096, na kwa kuwa kila njia hutosha vipande 12 tu vya ukubwa huo, kinachobaki ni takriban GB 2.46. Kupanga diski namna hii huchukua muda, na ni lazima kufanyike kabla ya kugawa patisheni, tofauti na diski za kompyuta za kawaida ambazo hufika zikiwa tayari. Katika mpangilio wa kawaida unaoeleweka pia na mifumo mingine ya IBM, patisheni haziwezi kuzidi tatu. Anayetaka kutenganisha mizizi, /var, /home na eneo la kubadilishana kumbukumbu atalazimika kutumia diski zaidi ya moja au LVM, inayounganisha diski na kuzigawa upya kwa programu. Wenye diski za SCSI zinazofikiwa kwa mtandao wa hifadhi kupitia zFCP hawana kikomo hicho, ila wao wana adha ya kuandika anwani ya WWPN (ya mlango wa hifadhi) na ya LUN (ya diski yenyewe), kila moja ikiwa na tarakimu 16 za mfumo wa heksadesimali, ambapo tarakimu moja iliyokosewa huficha diski nzima.

Mwishoni huandikwa zipl, kianzishi cha usanifu huu. Tofauti yake na GRUB, kianzishi cha kompyuta za kawaida, ni kwamba hakisomi mfumo wa mafaili wakati wa kuanza. Hukumbuka mahali halisi kerneli ilipokaa kwenye diski, kwa hiyo ni sharti kiendeshwe upya kila kerneli au initrd inapobadilika. Vifurushi vya Debian hulifanya hilo vyenyewe, lakini anayejenga kerneli kwa mkono asilisahau. Hatari iliyo karibu zaidi na mtumiaji wa kila siku ni ya diski zinazoongezwa baadaye: diski mpya huwashwa kwa chzdev, na ikiwa imeunganishwa kwenye LVM inayobeba mizizi ya mfumo kabla ya usanidi wake kuingizwa kwenye initrd, mashine haitaamka katika IPL inayofuata.

Kwa asiye na kompyuta kuu, Hercules ndiyo njia ya wengi. Roger Bowler alianza kuiandika mwaka 1999, na leo inaendelezwa na watu wengine kwa jina la Hyperion. Mifumo ya z/VM na z/OS inafungwa na leseni za IBM, kwa hiyo mtu binafsi hawezi kuiweka tu kwenye kompyuta yake. Debian haina kizuizi hicho, na ndiyo sababu inafaa mno kwa kujifunzia. Mtu huunda diski kwa dasdinit, huandika faili la usanidi lenye kumbukumbu, vichakataji na vifaa, kisha huanzisha usakinishaji kwa kuelekeza amri ya ipl kwenye faili lenye kiambishi cha .ins. Majibu ya maswali huandikwa kwenye konsoli ya Hercules yakitanguliwa na nukta. Asiyeiweka nukta hiyo anazungumza na Hercules yenyewe, ambayo humjibu kwamba amri haijulikani.

Mtandao wa Hercules kwa kawaida ni wa CTCI, unaounganisha mashine iliyoigwa na kompyuta mwenyeji kama ncha mbili za waya mmoja. Hapa maswali ni tofauti na ya qeth: chaneli ni mbili, kiendeshi ni ctc, na anwani ya upande wa pili ni lazima itajwe. Kompyuta mwenyeji nayo inatakiwa kuruhusu pakiti zipite na kuzibadilishia anwani, na programu ndogo ya hercifc ipewe ruhusa ya kuunda kiolesura. Lolote kati ya hayo likikosekana, usakinishaji hufika kwenye hatua ya kuchagua seva ya vifurushi na kukwama. Kasi nayo ni ndogo, kwa sababu kila agizo la kichakataji linaigwa kwa programu. Kufungua vifurushi na kutengeneza funguo za SSH ni kazi ya kuhesabu kwa saa. Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam au Kisumu anayenunua bando na kuhofia umeme kukatika, napendekeza aweke apt-cacher-ng kwenye kompyuta mwenyeji na aitaje kama proksi pale Debian inapouliza. Vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa vitabaki hapo, na usakinishaji ukikatika na kuanza upya hatavilipia mara ya pili. Anayejali kasi kuliko kuvijua vifaa halisi anaweza kutumia QEMU, ambayo huigiza s390x kwa diski na kadi za mtandao za virtio, yaani vifaa pepe visivyoiga kifaa halisi, na humwepusha na sehemu kubwa ya masuala ya DASD na chaneli. Atapata Debian ya s390x inayofanya kazi, lakini hatajifunza yale atakayoyakuta siku atakapokabidhiwa mashine ya kweli.

Baada ya usakinishaji, Debian hii ni Debian. Amri za apt ni zile zile, masasisho ya usalama huja kama kwenye usanifu mwingine, na hazina ya vifurushi ni kubwa. Mipaka yake iko kwenye programu zisizo huria, ambazo nyingi hazitengenezwi kwa s390x, na kwenye makontena yaliyojengwa kwa amd64, ambayo hayaendeki. Pia usanifu huu huhifadhi baiti kubwa kwanza, tofauti na kompyuta nyingi za leo, kwa hiyo programu iliyoandikwa bila uangalifu inaweza kusoma namba kinyume na kutoa matokeo yasiyo sahihi pasipo kulalamika. Kwa mwandishi wa programu, mimi naiona sifa hii kuwa faida kubwa, kwani s390x hufichua makosa yaliyojificha kwa miaka kwenye mashine nyingine.

Anayelinganisha na mifumo mingine azingatie umri wa mashine aliyonayo. Red Hat Enterprise Linux 8 inahitaji angalau mashine ya kizazi cha z13, na toleo la 9 linahitaji z14; Ubuntu, iliyoingia kwenye s390x na toleo la 16.04 mwezi Aprili 2016, ilianza moja kwa moja na zEC12. Red Hat na SUSE huuza msaada wa kitaalamu na zina miongozo minene kuliko ya Debian, na taasisi yenye fedha ambayo haina mtu wa kuketi na matatizo haya ifikirie kununua. Kwa anayetaka tu kuionja Linux ya kompyuta kuu bila usakinishaji, IBM ina huduma ya LinuxONE Community Cloud, inayompa mtu mashine pepe kwa siku 120 bila malipo, ikiwa na mfumo uliokwisha kuwekwa.

Debian naipendekeza kwa mwenye mashine pepe chini ya z/VM na msimamizi anayejibu barua, na kwa mwanafunzi mwenye Hercules na subira. Anayeanza leo aanze na orodha ya habari za mtandao, aulize aina ya swichi kwa maandishi, na asiamuru IPL mpaka awe na jibu hilo mkononi.